Siku Nilipotaja Jina la Mjomba Kwenye Spika

Mjomba Kyalo alinuka vanishi. Hata akioga kwa sabuni ya kipande na kujisugua kwa jiwe mpaka ngozi iwashe, harufu ile ilibaki kwenye nywele na kwenye shati, ikaenea chumba chetu chote cha mabati pale Kawangware, ikashinda moshi wa jiko la makaa na harufu ya sukuma wiki ambazo mama alikuwa akiwakatia wateja wake kila jioni. Ilikuwa harufu ya majeneza. Mjomba, ndugu mdogo wa mama, alikuwa seremala katika karakana moja ya kando ya barabara upande wa Riruta, na ingawa kibao cha nje kilisema vitanda, meza na kabati, kila mtu alijua kwamba kilichomlisha mwenye karakana ni masanduku ya maiti. Mtu anaweza kulala sakafuni maisha yake yote, lakini siku ya mwisho ndugu zake watamtafutia jeneza. Watoto wenzangu waliogopa kupita pale. Mimi nilijifanya siogopi, maana nilikuwa mpwa wa fundi, lakini nikipita nilitazama upande wa pili wa barabara na kuhesabu hatua zangu mpaka nimalize.

Nimetangaza michezo kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, na watu huniuliza nilianzia wapi. Mimi huwajibu kwamba nilianzia redioni, kwa kuwa ni jibu fupi na halina maswali zaidi. Ukweli ni kwamba nilianzia kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kituo cha Satellite, hapohapo Kawangware, nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika kiangazi kimoja. Wenzangu husimulia walivyogundua kipaji chao. Mimi kipaji changu nilikigundua dakika ileile nilipokitumia kuiharibu familia yangu.

Jumamosi alasiri timu za Kawangware na za Kibera zilikutana pale, na aliyezitangaza alikuwa Baba Otieno, fundi cherehani wa Kibera, mtu mrefu mwenye sauti nzito na macho mabovu. Alikuja akisukuma mkokoteni wenye betri ya gari, kipaza sauti kilichozungushiwa utepe mweusi, na spika moja yenye mdomo mpana, ambayo vijana walimfungia juu ya nguzo na kuielekeza Riruta ili watu walioko majumbani wasikie na waje. Miwani hakuwa nayo. Mchezaji akishavuka katikati ya uwanja, kwake alikuwa kivuli tu. Kwa hiyo mimi nilisimama ubavuni mwake nikimnong'onezea nani ana mpira na anaelekea wapi, naye akayachukua maneno yangu makavu, akayatia chumvi na pilipili, akayarusha hewani. "Wewe uone, mimi niseme," aliniambia siku ya kwanza. "Hapo hakuna mtu atajua."

Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia kila mara kabla ya kipenga: mchezaji hutajwa kwa jina la mpira pekee. Kulikuwa na Sukari, kulikuwa na Msumari, kulikuwa na golikipa mmoja aliyeitwa Mlango Umefungwa ingawa ulifunguka mara nyingi. Mjomba Kyalo alikuwa Msumeno, kwa vile alivyowapasua mabeki. Baba Otieno alinieleza sababu. Macho ya pale uwanjani, alisema, ni ya watu mia tatu na wote ni wetu, lakini masikio ni ya Riruta nzima. Nusu ya wachezaji wale walikuwa wametoroka mahali fulani. Mmoja alipaswa kuwa langoni kwa tajiri akilinda, mwingine mama yake aliamini mpira ni kazi ya shetani, mwingine alikuwa amemwambia mkewe anatafuta kibarua. Jina la mpira ndilo lililowarudisha nyumbani salama. Nililielewa jambo hilo vizuri sana, na ndiyo maana kosa langu sina wa kumsukumia.

Mwajiri wa mjomba tulimwita Baba Wanjiru. Alikuwa mzee wa kanisa, mkarimu na mkali kwa kipimo kimoja, na Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi kuliko siku zote kwa sababu ndiyo siku watu wengi walizika. Alikuwa akisema kwamba ruhusa ni ya mgonjwa na ya maiti, mwingine yeyote ashike randa. Kwa hiyo mjomba alipotaka kucheza robo fainali aliumwa jino. Nusu fainali ilipofika, mama yake aliugua sana huko Kitui. Ikaja fainali, Kawangware na Kibera, na habari zikaenea kwamba mtu wa klabu moja kubwa ya mjini atakuja kumtazama Msumeno, na akimpenda atamchukua. Mjomba alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakulala siku mbili. Ijumaa jioni nilimkuta ameketi nje ya mlango, viatu vya mpira mkononi, uso umemsawajika.

"Mwende, nimefanya kitu mbaya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimeambia mdosi susu ameaga."

Mdosi wake ni Baba Wanjiru, na susu ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi; huyu alikuwa mama mzazi wa mjomba na wa mama. Nilimuuliza kama susu amekufa kweli.

"Hajakufa, wewe! Ni ya ruhusa tu. Ni mechi moja. Lakini mzee amelia, Mwende. Amenishika mkono akalia, akaniuliza jina ya marehemu, nikamwambia. Usiambie mathe wako, sawa?"

Nikaitikia kwamba sitamwambia mama, lakini uongo ule ulinihusu mimi pia. Kwa desturi yetu mtoto hupewa jina la bibi yake, na mimi ndiye niliyepewa jina la susu yule; marehemu aliyetajwa karakanani alikuwa Mwende. Tena mama alinilea kwa methali moja ambayo aliitumia kwa kila jambo, kuanzia uvumi wa ndoa hadi uvumi wa bomoabomoa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nililala nikiliwaza neno hilo la mwisho. Laja. Nilimwona susu akitembea shambani kwake bila kujua kwamba Nairobi kuna watu wanamlilia.

Fainali ilijaa watu. Wa Kibera walikuja kwa miguu na ngoma zao, vumbi likapanda mpaka likawa kama ukungu, na ndilo lililommaliza Baba Otieno. Kipindi cha pili kilipoanza alikohoa, akakohoa tena, sauti ikakatika kabisa. Timu zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja. Watu wakaanza kupiga kelele wakidai mtangazaji. Baba Otieno akanitazama, akanyoosha mkono, akaniwekea kipaza sauti kiganjani. Neno langu la kwanza lilitoka likiwa limekatika vipande viwili. Kisha nikaisikia sauti yangu ikinirudia kutoka juu ya nguzo, kubwa, ya mtu mwingine, mtu asiyeogopa kitu, nikamfuata huyo mtu. Nilikuwa mzuri. Nasema bila haya. Nilimtaja Sukari, nikamtaja Msumari, nikawachekesha wa Kibera na wa Kawangware kwa pamoja, na kwa nusu saa nzima nilimsahau susu, nikasahau karakana, nikasahau hata kwamba mimi ni mtoto. Ulimi hauna mfupa. Dakika zilipokuwa zinakwisha mpira ukamfikia mjomba, akaenda nao, na ghafla ulikuwa umepita kati ya nguzo na uwanja mzima umeruka. Nami nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Kyalo! Ni Kyalo! Mjomba wangu Kyalo amefunga!"

Nililitaja mara tatu kabla Baba Otieno hajanipokonya kipaza sauti. Watu walikuwa wakicheka na kukumbatiana, wakamvamia mjomba, lakini yeye hakushangilia. Alikuwa amesimama mikono ikining'inia, akiitazama spika pale juu, kisha akageuka polepole kutazama upande ilikoelekezwa. Kawangware tulichukua kombe. Yule mtu wa klabu alimpa mjomba mkono na kumwambia atamfuata mwisho wa mwezi. Tulirudi nyumbani mimi na mjomba, na mlangoni alisema tu, "Labda hakusikia." Niliona kwamba yeye mwenyewe haamini alichosema.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, niliusikia mkokoteni kabla sijauona. Ulipiga kona pale penye mfereji, ukisukumwa na mafundi wawili waliovaa suti, na nyuma yake Baba Wanjiru na kofia yake mkononi. Juu yake kulikuwa na jeneza jipya la mbao za saiprasi, vanishi bado inang'aa. Mama alikuwa akianika nguo uani. Nilitaka kumkimbilia, nikashindwa kuinua mguu.

"Mama Mwende, poleni sana," Baba Wanjiru alisema. "Tumeleta sanduku ya mama. Hatuwezi acha mama ya fundi wetu azikwe na sanduku ya kununua."

"Mama gani?" mama aliuliza.

"Mama yenu wa Kitui. Kyalo hajakuambia?"

Sijawahi kusikia tena sauti kama ile aliyoitoa mama. Alianguka na nguo mbichi mikononi, akamwita mama yake kwa Kikamba, na kwa pumzi chache ploti yote ilikuwa imejaa majirani, wanawake wamejishika vichwa, watoto wanalia bila kujua wanamlilia nani. Mjomba alitoka bafuni na povu masikioni. Alipiga magoti matopeni mbele ya dada yake akisema hajafa, hajafa, mimi ndiye nimedanganya, na ilimbidi aseme mara nyingi kabla mama hajamsikia. Watu wote waligeuka kumtazama Baba Wanjiru. Mzee yule hakupandisha sauti hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Jana nilikuwa napiga hii sanduku msasa mwenyewe, kwa mkono yangu," alisema. "Spika ikasema Kyalo amefunga goli. Nikajiambia, Kyalo ni wengi Nairobi. Wacha nimalize, nipeleke, nione." Alivaa kofia yake. "Hii sasa siwezi uzia mtu, imeandikwa jina. Na wewe, Kyalo, usikanyage kwangu mpaka mama yako akuje mwenyewe, kwa miguu yake, nimwone na macho."

Mwenye ploti alikataa jeneza lisikae uani, akisema litamfukuzia wapangaji. Likaingia ndani. Chumba kilikuwa kimoja; likalazwa kati ya kitanda na ukuta, mahali pangu pa kulala pakawa kando yake. Mama alilifunika kwa leso zake mbili za kujifunga, lakini leso iliteleza, na kila asubuhi nilipofumbua macho, kitu cha kwanza kuona kilikuwa jina langu kwa rangi nyeupe: MWENDE. Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi. Mama alituma ujumbe kwa kondakta wa basi la Kitui kwamba susu aje upesi, kisha tukangoja. Siku tatu, siku tano, kimya. Kila aliyebisha hodi nilijua ameleta habari. Mama hakumsemesha mjomba, mjomba aliondoka alfajiri kutafuta vibarua na kurudi bila kitu, na mimi niliacha kusema. Nilikuwa nimeona kinachotokea nikisema. Mwalimu aliniuliza maswali nikaandika majibu kwenye karatasi. Jumamosi Baba Otieno alikuja kuniuliza kama nitamwonea mpira, nikajificha nyuma ya jeneza lenyewe, nikabana pumzi mpaka akaenda zake.

Siku ya tisa mtu mmoja wa kwetu alipita akitoka Kitui. Alisema alipita nyumbani kwa susu na akaukuta mlango umefungwa kwa mnyororo, kuku wakizurura uani bila mtu. Mama aliketi kwenye kitanda akakaa hapo mpaka makaa yakazimika. Nilijua sasa kwamba nimemuua susu. Mjomba alilitamka neno, lakini mimi ndiye niliyelitangaza kwa spika mpaka likasikika kila mahali, na labda hata Mungu alikuwa hajasikia mpaka nilipopiga kelele.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, nilikuwa peke yangu nikiosha vyombo. Sauti ikabisha hodi, mlango ukasukumwa, na susu akaingia, kiondo mgongoni, jogoo amefungwa miguu mkononi. Alikuwa kwa dada yake akivuna kunde. Ujumbe ulizunguka wiki nzima kabla ya kumkuta. Yeye aliweka jogoo chini, akatazama chumba, akaliona lile sanduku refu chini ya leso. Nilimwona akihesabu watu wa nyumba ile kimoyomoyo. "Nani amekufa?" aliniuliza. Nikaendelea kusugua sufuria ileile. Akanishika bega akanitikisa. "Mwende, ni nani?"

"Ni wewe, susu," nikasema.

Alikaa chini taratibu. Aliniambia nianze mwanzo na nisiruke kitu. Nikamsimulia yote kwa mpangilio, jino, ugonjwa, kifo, spika, mkokoteni, sauti ya mama, na kadiri nilivyosema ndivyo sauti yangu ilivyorudi, mpaka mwisho nilikuwa nikisema kama uwanjani, nikionyesha kwa mikono. Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kucheka. Hakucheka. Alilifunua jeneza, akapitisha kidole juu ya herufi, na kwa kuwa hakujua kusoma aliniomba nimsomee. Mchana ule alinishika mkono tukaenda Riruta, akasimama mbele ya Baba Wanjiru, akasema kwa Kiswahili chake kidogo kwamba ni yeye, amekuja kwa miguu yake. Mzee alivua kofia. Hakusema zaidi ya kwamba Kyalo arudi kazini kesho.

Jioni susu alimwita mjomba mbele yetu sote. Alimwambia kwamba amemuua mama yake kwa sababu ya mpira, basi achague kimoja, mpira au mama. Hakumkaripia, na nadhani angemkaripia ingekuwa nafuu. Mjomba aliapa kuuacha mpira akiwa ameweka mkono juu ya lile jeneza. Mwisho wa mwezi mtu wa klabu alipokuja kumuulizia Msumeno, mjomba alijificha nyuma ya mbao na kuwaomba wenzake waseme amerudi kwao Kitui. Susu alilichukua jeneza juu ya basi, akahifadhia kunde ndani yake, na aliishi miaka mingine kumi na minane.

Mimi ndiye niliyeendelea na mpira. Baba Otieno alinirudishia kipaza sauti mwezi uliofuata, shule ikaisha, redio ikaja, televisheni ikaja. Leo nakaa kwenye chumba chenye baridi na taa nyeupe, majina yote yameandikwa mbele yangu, na picha inarudiwa mara nne kama sikuona vizuri. Vijana ninaofanya nao kazi huiga kile kimya changu kifupi kabla ya kumtaja mfungaji. Watazamaji wanasema ni mtindo. Si mtindo, ni woga. Katika nusu pumzi ile huwa najiuliza ni nani aliye mahali fulani na msasa mkononi, akisikiliza. Nao wachezaji wa siku hizi hunipigia simu kulalamika kwamba sikuwataja vya kutosha. Sisi tulilificha jina ili mtu apate kucheza. Wao wanacheza ili jina litajwe. Siwalaumu. Huenda mjomba naye angekuwa mmoja wao.

Mjomba sasa ana karakana yake Kibera, vitanda na kabati tu. Mechi zangu huzitazama. Siku ile hatukuwahi kuizungumzia hata mara moja, mpaka mwaka huu, nilipopita kumsalimia mchana mmoja naye akaweka randa chini ghafla.

"Mwende, lile goli lilikuwa aje?"

"Goli gani, mjomba?"

"Unajua ni gani."

Aliniambia kwamba anakumbuka mpira ukimjia, kisha anakumbuka jina lake likitoka kwenye spika, na katikati hapo hamna kitu, hofu ilifuta kila kitu. Miaka yote hii alikuwa akitaka kumuuliza mtu aliyekuwa akitazama. Nimetangaza fainali mbele ya mataifa, sijaogopa kama nilivyoogopa pale. Kwa sababu na mimi silikumbuki. Nakumbuka sauti yangu tu, jinsi ilivyokuwa tamu. Alikuwa akinitazama kama mtoto anayengoja, mzee mwenye mvi zilizojaa vumbi la mbao, na nikavuta pumzi nikamtangazia. Nikasema mpira umetoka kushoto, Msumeno ameutuliza kwa kifua, amempita wa kwanza, amempita wa pili, golikipa ametoka, Msumeno hana haraka, na akauweka kwenye kona ya chini, Kyalo, Kyalo, Kyalo. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa mguu wa kushoto?" akauliza.

"Wa kushoto," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaokota randa yake akarudi kwenye ubao, nami nikabaki nimesimama pale nikimwomba Mungu iwe kweli.